Mlevi Asiyeanguka: Mizani ya Mwili katika Sinema ya Kungfu

Mtu mmoja anaingia uwanjani akipepesuka. Mabega yake yamelegea, magoti yamekunjika, na vidole vyake vimejipinda kana kwamba vimeshika kikombe kidogo cha mvinyo. Adui yake, muuaji wa kukodiwa aliye hodari wa mateke, anamrushia teke la uso. Mlevi anainamia nyuma mithili ya mnazi uliopigwa na kaskazi, teke linapita juu ya pua yake, na kabla mguu wa adui haujarudi chini yeye amekwisha kuinuka na kumtandika ngumi ya mbavu. Kisha anayumba tena, na watazamaji wanaangua kicheko.

Sinema hiyo yaitwa Drunken Master, yaani "Bingwa Mlevi". Ilitengenezwa Hong Kong mwaka 1978 chini ya uongozi wa Yuen Woo-ping. Ni sinema ya mapigano na vichekesho kwa pamoja, na ndiyo mojawapo ya zile zilizompandisha Jackie Chan, aliyezaliwa mwaka 1954, kwenye daraja la waigizaji mashuhuri. Katika Afrika Mashariki sinema za kungfu kutoka Hong Kong zilipata wapenzi wengi tangu miaka ya 1970, kwanza katika majumba ya sinema ya miji mikubwa, na baadaye katika vibanda vya video, ambako mara nyingine mtafsiri alieleza mazungumzo kwa Kiswahili. Vijana wengi walitoka humo wakirusha mateke njiani.

Swali ambalo mwanafunzi wa sayansi hana budi kujiuliza ni hili: je, yawezekana mtu aliyelewa kweli apigane namna ile? Jibu ni kwamba haiwezekani. Sababu zake zapatikana katika fizikia, katika elimu ya viungo vya mwili, na mwishowe katika kemia. Tena katika sababu hizo imo moja ambayo imegharimu maisha ya watu wengi katika sehemu hii ya Afrika.

HADITHI NA ASILI YAKE

Shujaa wa sinema hii, Wong Fei-hung, alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa mganga na mwalimu wa mapigano katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, akafariki mwaka 1925. Kuanzia mwaka 1949 sinema nyingi zilitengenezwa Hong Kong juu ya maisha yake, na katika nyingi kati ya hizo aliigizwa na Kwan Tak-hing kama mzee mwadilifu, mpole na mwenye hekima. Sinema ya mwaka 1978 iliigeuza sura hiyo juu chini. Wong aliyeonyeshwa humo ni kijana mvivu, mtundu na mwenye majivuno, anayemtia baba yake aibu kila siku.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba anapochoka, anamtia kijana mikononi mwa Mzee So, ombaomba mlevi mwenye pua nyekundu na mkono mkali. Mzee So aliigizwa na Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji wa sinema, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mafunzo yake ni mateso matupu. Katika zoezi moja kijana ananing'inizwa kichwa chini, miguu imefungwa juu. Chini yake imewekwa ndoo ya maji, na juu karibu na miguu yake ndoo nyingine tupu. Amepewa vikombe vidogo, na kazi yake ni kuchota maji chini, kujikunja hadi juu, kuyamimina, kisha kurudi chini kuchota mengine.

Zoezi hilo ni kichekesho, lakini laweza kupigiwa hesabu. Tuseme ndoo ina lita 20 na kila safari hupandisha mililita 50. Zahitajika safari 400. Tuseme tena kwamba sehemu ya mwili inayoinuliwa ina kilogramu 40, na kwamba kitovu chake hupanda kwa nusu mita. Kazi ya safari moja ni takriban juli 200, na ya safari zote ni juli 80,000. Misuli hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati inayotumia kuwa kazi, na iliyobaki huwa joto. Hivyo mwili hutumia takriban juli 320,000, bila kuhesabu nguvu za kujishusha polepole. Kiasi hicho cha nishati kimo katika kipande kimoja hivi cha mkate. Kinachomshinda mtu katika zoezi hili, basi, si njaa. Ni misuli ya tumbo na ya nyonga, ambayo ni michache na hulazimika kubeba mzigo wote peke yake. Nayo ndiyo misuli inayomzuia mtu asianguke anapoinamia nyuma.

KITOVU CHA UZITO

Kila kitu kina nukta moja ambayo uzito wake wote waweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo. Nukta hiyo huitwa kitovu cha uzito. Kwa mtu aliyesimama wima huwa ndani ya mwili, chini kidogo ya kitovu cha tumbo. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 ana kitovu cha uzito kilicho kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Mtu huyo hubaki amesimama maadamu mstari wima unaoshuka kutoka kwenye nukta hiyo unaangukia ndani ya kitako, yaani eneo lililozungukwa na nyayo zake. Mstari ukitoka nje ya eneo hilo, ama asogeze mguu upesi, ama aanguke.

Kutokana na kanuni hiyo, mambo mawili humwongezea mtu uimara: kupanua kitako na kushusha kitovu cha uzito. Mtu aliyesimama miguu pamoja ana kitako chenye upana wa kama sentimita 20. Akiegemea upande kama gogo, ataanza kuanguka akifikia nyuzi 6 tu kutoka wima. Lakini akitanua miguu hadi sentimita 80 na kukunja magoti mpaka kitovu cha uzito kishuke kufikia sentimita 70, itambidi aegemee karibu nyuzi 30 kabla ya kuanguka. Ndiyo maana mwanafunzi wa kungfu ya kusini mwa China huanza kwa kusimama kwa muda mrefu katika mkao uitwao "mkao wa farasi", miguu mbalimbali na magoti yamekunjwa.

Mchezaji katika sinema hii huonekana legelege, lakini akitazamwa vizuri magoti yake yamekunjika na miguu imetanuka karibu wakati wote. Anapoinamisha kiwiliwili nyuma, hutanguliza nyonga, mkono au mguu mmoja mbele. Viungo hivyo ni kama jiwe la upande wa pili wa mizani. Sehemu moja ya uzito imekwenda nyuma, sehemu nyingine imekwenda mbele, na mstari wima umebaki baina ya nyayo. Macho ya mtazamaji, pamoja na ya adui, hufuata kichwa na mabega, na hayo ndiyo yanayoyumba. Kitovu cha uzito hakiyumbi sana.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila kifaa chochote. Mwanafunzi asimame akiwa ameegemeza visigino na makalio ukutani, kisha ajaribu kuinama na kuokota kipande cha chaki kilichowekwa sentimita 30 mbele ya vidole vya miguu, bila kukunja magoti na bila kusogeza miguu. Hataweza. Mtu anapoinama penye nafasi, makalio hurudi nyuma kusawazisha kichwa na kifua vilivyokwenda mbele. Ukuta umeyazuia makalio, kwa hiyo mstari wima unatoka mbele ya vidole, na mwanafunzi anadondoka mbele. Wenzake watacheka, kama watazamaji wa sinema wanavyocheka, lakini safari hii watajua wanachokicheka.

Hata anguko lenyewe lina kanuni. Mtu mwenye kilogramu 60 akianguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde. Akitua kwa kishindo na kusimama ndani ya sekunde 0.02, hupigwa na nguvu ya wastani ya takriban nyutoni 13,000, inayoweza kuvunja mfupa. Akibiringika ili mwendo wake uishe katika sekunde 0.2, nguvu hiyo hupungua kuwa kama sehemu moja ya kumi. Mlevi wa sinema hubiringika kila aangukapo. Mlevi wa barabarani huanguka kama gunia.

OGANI ZA MIZANI NA KAZI YA POMBE

Ili mtu aendelee kuweka kitovu chake cha uzito mahali panapofaa, ni lazima ubongo upate habari kila wakati. Habari hizo hutoka sehemu tatu: machoni, katika misuli na maungio, na katika sikio la ndani. Hukusanywa na kulinganishwa hasa katika serebela, yaani ubongo mdogo wa kisogoni, ambayo husahihisha kila msogeo hata kabla mtu hajatambua.

Sikio la ndani lina mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara, iliyojaa majimaji, kila mmoja ukielekea upande wake. Mwishoni mwa kila mfereji pana kipande kidogo laini kama utomvu ulioganda, kiitwacho kupula, nacho hufunika vinyweleo vya seli za fahamu. Kichwa kinapozunguka, majimaji hubaki nyuma kidogo, huisukuma kupula, vinyweleo hupinda, na ubongo huambiwa kwamba kichwa kimegeuka. Kwa kawaida kupula na majimaji huwa na uzito sawa kwa ujazo sawa. Kwa sababu hiyo kupula haielei wala haizami, na huitikia mzunguko peke yake.

Pombe ni nyepesi kuliko maji. Mtu anapokunywa, pombe iliyomo katika damu huingia kwanza katika kupula, kwa kuwa mishipa midogo ya damu iko karibu nayo, na huchelewa kuyafikia majimaji. Basi kwa muda kupula huwa nyepesi kuliko majimaji na huanza kuelea. Mlevi akijilaza, kupula hupanda upande mmoja, vinyweleo hupinda, na ubongo hupewa habari ya uongo kwamba mwili unazunguka. Ndiyo sababu walevi hulalamika kwamba kitanda kinapaa au nyumba inapinduka. Baada ya saa kadhaa pombe huenea kote sawasawa na kizunguzungu hutulia. Kisha inapoanza kutoka mwilini, hutoka katika kupula kwanza, na kupula sasa huwa nzito kuliko majimaji. Kizunguzungu hurudi, safari hii kwa kuelekea upande wa pili.

Wakati huohuo serebela nayo imepunguziwa uwezo, hivyo makosa ya sikio hayasahihishwi. Macho hushindwa kufuata kitu kiendacho kasi. Muda wa kuitikia nao hurefuka. Tuseme mguu wa adui unakuja kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, na kwamba mtu huchelewa kuitikia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde zaidi ya kawaida yake. Katika muda huo mdogo teke limekwisha kusafiri mita 1 nzima. Kwa mpiganaji, hiyo ni tofauti baina ya kukwepa na kuzimia.

Kwa hiyo kuyumba kwa mlevi wa kweli na kuyumba kwa mchezaji ni mambo mawili yanayopingana. Mlevi huyumba kwa kuwa mizani imemtoka. Mchezaji huyumba kwa kuwa mizani yake ni kamili kiasi cha kuweza kuichezea. Jackie Chan aliingizwa katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong akiwa na umri wa kama miaka 7, akakaa humo kwa takriban miaka 10 akifundishwa sarakasi, uimbaji na mapigano. Mtindo wa "ngumi ya mlevi" upo kweli katika sanaa za mapigano za Kichina, na wanaouonyesha katika mashindano huwa hawajaonja kitu. Wanauiga ulevi kama mwigizaji anavyoiga uzee.

HILA ZA KAMERA

Ustadi wa mwili peke yake hautoshi kueleza yote yaonekanayo. Sinema huonyeshwa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Kamera ikipiga picha 22 tu kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida, tendo la sekunde 10 litakwisha katika sekunde 9 na nukta chache. Ngumi huonekana nyepesi zaidi, na mtazamaji hatambui kilichofanyika. Watengenezaji wa sinema za mapigano wa Hong Kong waliitumia sana hila hiyo. Aidha sauti za ngumi, ambazo huvuma kama mbao zinazogonganishwa, ziliongezwa baadaye. Na adui katika sinema si adui. Ni mshirika ambaye amefanya mazoezi ya kila hatua pamoja na mwenzake, na anajua mguu utapita wapi.

Hata hivyo hatari iliyobaki ni ya kweli. Mwaka 1986, huko Yugoslavia, Jackie Chan aliruka kutoka ukutani kushika tawi la mti wakati wa kutengeneza sinema ya Armour of God. Alianguka chini, fuvu likapasuka, akalazimika kupasuliwa kichwa ili aokolewe. Alikuwa na ujuzi, mazoezi na wasaidizi, wala hakuwa amelewa. Kijana anayeruka kutoka paa la darasa ili amwige hana hata kimoja cha hivyo isipokuwa cha mwisho.

KICHEKESHO CHENYE SUMU

Mwaka 1994 ilitoka sinema ya pili, Drunken Master II, yenye shujaa yuleyule. Pambano la mwisho linafanyika kiwandani. Shujaa, akizidiwa na adui, anakunywa pombe ya viwandani iliyokusudiwa kazi za mitambo. Nguvu zinamjaa, anatoa mapovu mdomoni, anashinda. Katika tukio fupi la kumalizia sinema hiyo ilipotolewa mara ya kwanza, shujaa anaonekana amepofuka na akili zimemruka kwa sababu ya kinywaji kile, na jambo hilo limefanywa la kuchekesha. Sinema ilipotolewa Marekani mwaka 2000, tukio hilo liliondolewa.

Kwa mwalimu wa kemia tukio hilo lina funzo kuliko pambano zima. Pombe ya kunywa ni ethanoli. Katika viwanda hutumika pia methanoli, ambayo molekuli yake ina atomu moja ya kaboni badala ya mbili. Kwa macho hazitofautiani, na harufu na ladha zao zakaribiana kiasi kwamba mnywaji hawezi kuzitegemea. Lakini ndani ya ini vimeng'enya hugeuza methanoli kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia seli zisitumie oksijeni, na miongoni mwa zinazoumia mapema ni seli za neva ya macho. Hata mililita 10 za methanoli halisi zaweza kumpofusha mtu, na kiasi kisichozidi sana hicho chaweza kumuua. Hila yake kubwa ni kuchelewa. Mtu huenda akalala akidhani amelewa tu, na baada ya saa 12 hadi 24 ndipo huanza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa shida, na kuona ukungu mweupe mbele ya macho.

Hayo si mambo ya sinema. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya watu maskini jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Mwaka 2010 maafa kama hayo yalitokea kusini magharibi mwa Uganda, na mwezi Mei 2014 yakarudi tena Kenya, yakaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Katika matukio hayo kosa lilikuwa la wafanyabiashara waliochanganya kemikali ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo.

Aliyekunywa kitu cha namna hiyo yafaa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima, kwa kuwa tiba ipo na hufaa zaidi ikiwahi. Waganga huwa na dawa za kukizuia kimeng'enya cha ini kisiigeuze methanoli kuwa asidi, na damu yaweza kuchujwa kwa mashine. Maziwa, maji ya chumvi na kahawa haviondoi sumu hiyo. Kumwacha alale ili "pombe imtoke" ndiko kulikowaua wengi.

KAZI YA DARASA

Mwalimu mwenye nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi sehemu ya sinema ya mwaka 1978 anaweza kuisimamisha picha mahali popote katika pambano la mwisho. Wanafunzi wakadirie kitovu cha uzito cha mchezaji kiko wapi, kisha wachore mstari wima hadi chini na kupima umbali wake kutoka kwenye nyayo. Wakikuta mstari umetoka nje ya kitako, waendelee kutazama picha zinazofuata. Wataona mambo mawili tu: ama mguu unasogezwa na kuufuata mstari, ama mchezaji anashuka chini kwa kubiringika.

Baadaye wajadili mtu ambaye sikio lake linadanganya, serebela yake imelala na macho yake yana ukungu angewezaje kuusogeza mguu ule kwa wakati.